Waulize Wadudu: Godoro Lirudi Ndani

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nikikung'uta shuka nakuta vidudu vya kahawia vyenye manyoya. Mwanangu anajikuna mikono usiku kucha. Mume wangu anasema ni kunguni na ameshatoa godoro nje alichome. Picha hiyo hapo.

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie baba watoto aweke kiberiti chini. Mdudu wa pichani ana pingili zenye milia na vishungi vya nywele mkiani. Kunguni hapitii hatua ya buu: mtoto wake hutoka yaini na umbo lilelile la mzazi, bapa, miguu sita, ila mweupe karibu wa kupenya mwanga. Akinywa damu ndipo tumbo linakuwa jekundu.

Huyo wako ni buu wa mbawakawa wa mazulia. Hang'ati mtu, chakula chake ni sufu, manyoya, nywele na wadudu waliokauka. Shida ni vile vinyweleo: vikigusa ngozi ya mtoto vinaweza kuwasha na kutoa vipele, basi lawama zote zinamwangukia kunguni ambaye hayupo.

Kagua kwa tochi kwenye mishono ya godoro. Kunguni huacha vidoa vyeusi. Pitisha kitambaa chenye maji, vitachuruzika rangi ya kutu. Buu huacha magamba matupu yenye manyoya. Kisha tazama dirishani, kwani mbawakawa mzima hupenda mwanga: ni kiduara chenye madoadoa, milimita 3 hivi. Fagia chini ya kitanda na pembeni mwa zulia, fua blanketi, na angalia kama ndege hawajajenga darini. Dawa ya kupuliza kitandani sitaki kuisikia.

SWALI: Ukutani bafuni kuna kitu bapa cha kijivu, kimechongoka huku na huku. Nilidhani ni plasta imebanduka. Kimetembea!

JIBU: Ni kiwavi wa nondo mdogo, anatembea na nyumba yake. Ameifuma kwa hariri, mchanga na vumbi, na ameacha mlango kila ncha. Tulia umtazame: atachomoza kichwa cheusi na miguu ya mbele, avute, asimame, avute tena. Ukimgusa anaingia, halafu pengine anatokea mlango wa pili. Anakula tando kuukuu za buibui, hivyo ukiona wengi, ni ufagio wa dari uliosahauliwa.

SWALI: Buibui mdogo anarukaruka dirishani, na nikisogea ananigeukia. Ana sumu?

JIBU: Anakutazama kweli. Ana macho manane, mawili ya mbele makubwa, na huwinda kwa kuona, bila kutega utando. Sumu anayo, kama karibu buibui wote, lakini ni ya nzi. Mwache.

Na wewe uliyetuma "buibui wa stoo" mwenye tumbo la mviringo linalong'aa: hesabu miguu. Ni sita. Huyo ni mbawakawa anayefanana na buibui, na yuko hapo kwa ajili ya chakula. Fungua magunia yote uchunguze nafaka na unga.