Usilivunje jani la hindi kwa kuwa tu limegeuka njano

Msimu wangu wa pili wa kulima mahindi Kilosa nilifanya kosa ambalo hadi leo naliona kwenye mashamba ya wenzangu. Punje zilikuwa bado za maziwa, majani ya chini yakaanza kugeuka njano. Nikayaona hayana faida tena. Nikapita mstari kwa mstari nikiyavunja na kuwapelekea mbuzi wa jirani. Bwana shamba alinikuta nimeshamaliza karibu nusu ekari. "Mama," akaniambia, "hayo bado yako kazini."

Akachukua jani moja akaliinua juani. Ncha ilikuwa imekauka, rangi ya kaki. Katikati njano. Chini, pale linapokumbatia shina, bado kijani. Jani la hindi hukua kutokea kitako, kwa hiyo seli za nchani ndizo kongwe, na ndizo hutangulia kufa. Tangu siku ile huwa nalitazama jani la aina hiyo taratibu, kwa sababu hatua zote za kuzeeka zimo humo, kuanzia seli iliyokwisha mpaka seli ambayo haijaguswa.

Yanayofanyika ndani si kuoza. Mmea wenyewe huzibomoa seli zake kwa mpangilio. Zinaanza kloroplasti, zile chembe za kijani zinazotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Humo ndimo ilimo karibu robo tatu ya naitrojeni ya jani, nyingi ikiwa ndani ya protini. Protini hizo hukatwakatwa kuwa asidi amino, zikasafiri kwenye mishipa ya jani hadi kwenye punje. Klorofili nayo huvunjwa, maana ikibaki yenyewe huku jua linaipiga, huiunguza seli. Ikishaondoka, rangi ya njano iliyokuwamo tangu jani likiwa changa ndiyo hujitokeza. Kiini cha seli, chenye maagizo yake, na mitokondria, vinu vyake vya nguvu, huachwa hadi mwishoni, kwa kuwa hata kubomoa kunahitaji maagizo na nguvu. Mwisho kabisa mfuko mkubwa wa maji ulio katikati ya seli hupasuka, na seli inakufa.

Sasa fikiria mimi nilichokuwa nawapa mbuzi! Naitrojeni niliyoinunua kwa bei ya mbolea, ikiwa njiani kwenda kwenye gunzi.

Kwa hiyo nakushauri ungoje. Chomoa punje moja, ikwangue kitako kwa ukucha. Ukikuta alama nyeusi, punje imefunga mlango, haipokei tena kitu kutoka kwenye mmea. Hapo vunja majani upendavyo, lisha mifugo.

Lakini si kila njano ni ya uzee, na hapa ndipo wengi tunapopoteza fedha. Mahindi yakiwa magotini na majani ya chini yakapata njano yenye umbo la V, ikianzia nchani na kufuata uti wa kati, mmea una njaa ya naitrojeni. Umeanza kuwazeesha wakubwa kabla ya wakati ili uwalishe wadogo. Weka mbolea ya kukuzia, udongo ukiwa na unyevu, na usichelewe. Njano ikifuata kingo za majani hayo ya chini, shaka yangu ya kwanza ni upungufu wa potasiamu. Na majani machanga ya juu yakiwa njano huku ya chini ni kijani, usikimbilie urea. Chuma na salfa hazihamishiki kwa urahisi kutoka jani kuukuu kwenda jipya, ndiyo maana upungufu wake huonekana juu kwanza. Peleka udongo ukapimwe kabla hujanunua chochote.

Msimu huu nimeacha majani yote. Jana nimekwangua punje za mistari mitano: tatu zina alama nyeusi, mbili bado. Mbuzi wa jirani watangoja wiki moja zaidi.