Rudisha Themostati Kabla ya Kununua Betri

Asubuhi za Juni na Julai kule Njombe na Makete hukaribia nyuzi sifuri, na Kitulo majani huamka yamefunikwa na barafu. Hapo ndipo Land Rover Series III ya petroli, iliyokuwa ikiwaka kwa stata moja mwezi Februari, inapoanza kukohoa na kusukumwa. Wengi hukimbilia betri mpya. Mara nyingi tatizo ni kitu ambacho hakipo kabisa kwenye gari: themostati, ile vali inayozuia maji ya rejeta yasipite mpaka injini ipate joto.

Siku injini ilipochemka, fundi aliitoa ili "maji yapite vizuri", na hakuna aliyeirudisha. Dar es Salaam hasara yake haionekani upesi. Njombe, maji baridi ya rejeta hupita kwenye injini tangu inapowaka, mshale wa joto haupandi, petroli inashindwa kugeuka mvuke, na dereva anazidi kuvuta choki, inayobana hewa ili petroli izidi. Petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda, kisha hushukia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Fungua kifuniko cha kujazia oili. Ukikuta utando mweupe kama mtindi, usikimbilie kufungua silinda hedi: injini isiyopata joto haiwezi kukausha unyevu wake. Kama maji ya rejeta nayo yanapungua, hapo ndipo uishuku gasketi ya silinda hedi.

Themostati, hata mpya, ipime kwanza kwenye sufuria ya maji. Ining'inize kwa uzi isiguse chini, tumbukiza kipimajoto, pasha polepole. Iliyogongwa namba 82 ianze kufunguka kwenye nyuzi 82, ikipishana mbili tatu si neno. Kumaliza kufunguka huchukua nyuzi kumi na zaidi juu ya hapo. Sasa, Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari na maji yake huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, kwa hiyo usiitupe eti haijafunguka mpaka mwisho. Unapoirudisha kwenye gari, upande wenye kidonge cha nta uelekee kwenye injini, na gasketi yake iwe mpya.

Rejeta nayo isijazwe maji matupu. Theluthi moja ya kulenti, dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, huzuia kuganda hadi nyuzi 17 hivi chini ya sifuri, baridi ambayo huku hatuijui, lakini pia inazuia kutu.

Oili ya SAE 40 yenye namba moja iache. Alfajiri huwa nzito kama asali na stata huisukuma kwa shida. Weka 20W-50 au 15W-40. Betri iliyolala usiku mzima isome volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Stata ikizunguka kivivu wakati betri iko sawa, fungua waya wa ethi unaoshika chasisi na uusugue mpaka chuma king'ae.

Kuwasha: vuta choki yote, piga stata isizidi sekunde 10, pumzika 30. Usipampu aksela, maana kabureta ya Zenith humwaga petroli kila unapokanyaga. Injini ikishalowana petroli, rudisha choki, kanyaga aksela mpaka chini uishikilie hapohapo, kisha piga stata. Ikiwaka, rudisha choki nusu baada ya dakika moja, na kilomita ya pili ikukute umeirudisha yote. Mwanya wa platini, vile viguso vya ndani ya distribyuta, uwe milimita 0.35 hadi 0.40, wa plagi 0.75 hadi 0.80.

Kuna ugonjwa mmoja unaowachanganya hata mafundi. Gari imetembea vizuri kwenye ukungu, halafu inapoteza nguvu na kuzima. Unafungua boneti, unapuliza jeti (kitundu cha petroli ndani ya kabureta), inawaka, na sifa zinaenda kwa kupuliza. Kumbe petroli inapogeuka mvuke huipoza kabureta mpaka unyevu wa hewa unaganda ndani yake, hata nje kukiwa na nyuzi 10. Zima, usiguse chochote, subiri dakika tano barafu iyeyuke. Ikiwaka yenyewe, jeti haina kosa. Hewa ya kabureta ndiyo inayotakiwa kuvutwa kutoka karibu na manifoldi ya ekzosi mpaka ukungu upite.