Hasi ya slaidi si hasi ya mgonjwa: kwa mnaoanza utafiti wa vimelea na uvimbe adimu

Karibuni kazini. Wengi wenu mnaingia na hamu ya hadubini na mashine za vinasaba, na hamu hiyo ni njema. Ila makosa yaliyoniuma zaidi katika kazi hii yalishatokea kabla sijainamia hadubini. Nianze na langu.

Mwaka wa kwanza nilipewa kusoma slaidi za choo kwa njia ya Kato-Katz, yaani kupaka kiasi kidogo cha choo kilichopimwa kwenye slaidi na kuhesabu mayai ya minyoo. Niliziandaa asubuhi, nikazipanga vizuri kwenye trei, nikaitwa kikaoni, nikarudi baada ya saa tatu. Nilizisoma kwa makini kabisa. Mayai ya askaris yapo, ya mnyoo mjeledi yapo, ya safura hakuna hata moja. Nikajaza sifuri safu nzima ya rejesta. Mkuu wa maabara alipoitazama ile safu hakuniuliza nimeona nini. Aliniuliza nimesoma saa ngapi. Gliserini inayokifanya choo kipitishe mwanga ndiyo hiyo hiyo inayoyafuta mayai ya safura. Ganda lake ni jembamba mno, na baada ya nusu saa hadi saa moja hivi huyaoni tena. Tulitengeneza slaidi mpya kutoka kwenye sampuli zilizobaki, tukazisoma papo hapo, na sifuri kadhaa zikafutwa. Nyuma ya kila sifuri iliyofutwa palikuwa na mtu ambaye angeambiwa hana minyoo.

Kwa hiyo mtu akikwambia sampuli ni hasi, uliza: hasi kwa kipimo gani, kwa kiasi gani, kwa saa ngapi? Kibao cha Kato-Katz kinabeba miligramu 41.7 tu za choo. Ndiyo maana idadi ya mayai huzidishwa kwa 24 ili kupata mayai kwa gramu. Fikiria maana yake: yai moja ulilobahatika kuliona linasimama badala ya 24, na mtu mwenye mayai kumi kwa gramu anaweza kabisa kukupa slaidi tupu. Soma slaidi mbili, na ukiweza omba choo cha siku nyingine.

Kichocho cha kibofu nacho kina saa zake. Mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa hiyo mkojo wa alfajiri unaweza kukudanganya. Halafu mayai huzama. Nimeona mwanafunzi akivuta mililita 10 za juu, safi kama maji, huku mayai yote yamelala chini ya kikopo. Tikisa kwanza, kisha chuja. Ukilipata yai, tafuta mwiba wake: ukiwa mkiani ni Schistosoma haematobium, ukiwa ubavuni ni mansoni.

Vipimo vya haraka vya malaria vina mitego ya pande zote mbili. Vinavyotafuta HRP2, protini ya kimelea cha malaria, huweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, na vimelea vilivyopoteza jeni ya HRP2 vinaweza kupita bila kuonekana. Tone nene la damu bado lina kazi yake, mradi usiliweke methanoli.

Sasa mtu atauliza uvimbe unaingiaje hapa. Unaingia moja kwa moja. Mwaka 1994 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliiweka haematobium katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa, kwa sababu ya saratani ya kibofu. Mnyoo wa ini Opisthorchis viverrini uliwekwa humo humo, kwa saratani ya mirija ya nyongo. Anayesoma vimelea na anayesoma tishu wanamtazama mgonjwa mmoja, na inanisikitisha kuona idara hizi mbili zinakaa bila kuongea.

Kisa ninachokirudia kwa kila kundi jipya ni cha mgonjwa mmoja wa Colombia aliyekuwa akiishi na VVU. Alikuwa na vinundu mapafuni na kwenye mitoki. Chini ya hadubini seli zilijazana na kuvamia tishu kama saratani, lakini zilikuwa ndogo mara kumi hivi kuliko seli za saratani ya binadamu. Mwaka 2013 sampuli zilifika CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani. Vipimo vya seli za binadamu vikakataa. Mwishowe DNA ilionyesha kwamba zile seli ni za tegu kibete, Hymenolepis nana, zilizogeuka saratani ndani ya mwili wa mtu. Taarifa ilichapishwa mwaka 2015. Kwangu uzito wa kisa hiki uko kwenye ile hatua ambapo rangi za kingamwili, zile zinazotambua seli za binadamu, zilikataa kushika. Ilikuwa rahisi kusema rangi zimeharibika na kuufunga mjadala. Rangi ikikataa, tazama slaidi ya kontroli, yaani ya tishu unayojua lazima ishike rangi: ikiwa kontroli imeshika vizuri, ule ukimya wa sampuli ni taarifa, ufuatilie.

Kuna na kisa cha Anthony Epstein, mtafiti wa Uingereza. Mwishoni mwa 1963 kinyama, yaani kipande cha tishu, cha uvimbe wa Burkitt (saratani ya watoto) kilichotoka Uganda kilichelewa njiani kwa sababu ya ukungu London, kikafika majimaji yake yamechafuka. Ilidhaniwa ni bakteria. Kabla ya kukitupa alichungulia tone moja, akakuta seli hai za uvimbe zinaelea. Ndizo zilizokuza ule mstari wa seli ambamo kirusi cha Epstein-Barr kilionekana mwaka 1964.

Kwenye vinyama vyenu, formalini ndiyo inayoharibu au kuokoa kila kitu. Iwe ya asilimia 10 yenye bafa, na ujazo wake uwe angalau mara kumi ya tishu. Hupenya polepole, kama milimita moja kwa saa, kwa hiyo uvimbe mkubwa ukatwe vipande. Ukisukumizwa mzima kwenye chupa ya mdomo mwembamba, nje utaonekana mzuri na katikati umeoza. Ukihitaji vinasaba, tenga kipande kidogo kigandishwe kabla hakijagusa formalini. Kwa uvimbe adimu huenda hutapata kingine.

Na someni fomu ya ombi kabla ya kukata. Uvimbe wa ini wenye maji unaweza kuwa sisti (mfuko wa maji) ya tegu wa mbwa, na sindano ikiutoboa ovyo, maji yake yanaweza kumsababishia mgonjwa mshtuko wa mzio au kusambaza vimelea tumboni. Fomu ikiwa imeandikwa "uvimbe" tu, bila upande, bila muda, bila picha ya altrasaundi, pigeni simu wodini.