Sabufa ya pili kwenye nyumba ya matumbawe: iwekwe wapi?

Swali: Salaam alaykum fundi. Niko Mkomani, Lamu, kwenye nyumba ya mawe ya ukoo wetu. Chumba tunachokaa kina urefu wa mita 7, upana mita 2.6, na kutoka sakafuni hadi kwenye boriti ni mita 3.5. TV iko kwenye ukuta mrefu, kochi limeegemea ukuta unaoikabili, katikati kabisa. Sabufa yangu ya inchi 10 iko kwenye pembe ya chumba, karibu na mlango. Anayesimama mlangoni anapigwa na besi mpaka kifuani, lakini mimi kwenye kochi nasikia noti moja tu inayovuma, zingine zimekufa. Rafiki yangu kanishauri ninunue ya pili niiweke pembe ya upande wa pili. Itanifaa, au nitajiongezea ugomvi na jirani?

Jibu: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Kwanza ahsante kwa kuleta vipimo. Wengi huniandikia "chumba cha kawaida" wakataka niwajibu kwa ramli.

Sabufa ya pili itakufaa. Pembe ya pili haitakufaa. Ukifuata ushauri wa rafiki yako, ile noti inayovuma itazidi kuvuma, na utakuwa umelipia kero.

Kwa joto letu la pwani sauti husafiri karibu mita 348 kwa sekunde. Besi ikitoka upande mmoja hugonga ukuta wa mwisho, hurudi, na kukutana na ile inayokuja. Kuna namba ambazo chumba chako kinazipenda: gawanya 348 kwa mara mbili ya urefu wa chumba, unapata takriban Hz 25, yaani mitetemo 25 kwa sekunde. Halafu zinafuata 50 na 75. Kwenye namba hizo sauti haitembei tena, inasimama: mahali pengine imejaa, mahali pengine hakuna kitu. Katikati ya urefu wa chumba, pale pale ulipoweka kochi, 25 na 75 zinajifuta, na 50 iko kileleni. Mlangoni zote tatu zimejaa. Basi hujaharibikiwa na sabufa, umekaa mahali pabaya.

Una bahati mbaya nyingine ndogo. Mita 3.5 za kwenda juu ni nusu kamili ya mita 7, kwa hiyo sakafu na dari nazo zinazalisha Hz 50 ileile. Hiyo ni karibu na noti ya G ya chini kwenye gitaa la besi, na karibu kila wimbo utaigusa. Nyumba ya mbao au ya mabati hutikisika na kumeza sehemu ya besi. Ukuta wa matumbawe na chokaa, tena mnene kama wenu, hautikisiki, unairudisha karibu yote. Wazee walipima upana wa vyumba kwa urefu wa boriti ya mkoko, ndiyo maana vimekuwa vyembamba na virefu. Hawakuwa wakifikiria sabufa.

Sasa hiyo ya pili. Kazi yake kubwa si kuongeza kelele. Sabufa mbili zinazotoa sauti ileile kwa pamoja, zikiwekwa kwenye nafasi sahihi, zinapingana pale ambapo chumba kinataka kuvuma. Mhandisi Todd Welti wa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, alilichunguza jambo hili mwaka 2002, na sabufa mbili katikati ya kuta zinazokabiliana zilikuwa miongoni mwa mipangilio aliyoiona mizuri. Mafundi wengi tunaanzia hapo. Kwako nisingeanzia hapo, kwa sababu katikati ya ukuta wowote, mrefu au mfupi, Hz 50 ya urefu wa chumba inasukumwa kwa nguvu zote. Pembe mbili zinazokabiliana nazo ni vivyo hivyo: zinafuta 25 na 75, halafu zinasaidiana kwenye 50. Mimi mwenyewe niliwahi kufunga mbili za inchi 12 kwenye pembe za chumba kirefu kule Shela, nikaondoka najisifu. Siku ya tatu mwenye nyumba akanirudisha kwa boti.

Zako ziwekwe kwenye robo ya urefu wa chumba. Pima mita 1.75 kutoka ukuta mfupi wa kushoto, weka moja kwenye ukuta wa TV. Pima mita 1.75 kutoka ukuta mfupi wa kulia, weka nyingine ng'ambo, kwenye ukuta wa kochi. Zitakuwa zimekaa mshazari. Kwa nafasi hizo 25, 50 na 75 za urefu hazipati msukumo, na kwa kuwa kila moja iko kwenye ukuta wake, Hz 67 inayotokana na upana nayo inafutika. Inayobaki ni 50 ya kwenda juu, maana zote mbili ziko sakafuni. Hiyo utaipunguza kwa ikwalaiza (kirekebishi cha noti moja moja) ya risiva, yaani mashine inayoendesha spika zako, desibeli tatu au nne. Usije ukapandisha sabufa kwenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, ili kuirekebisha. Visahani vya bibi vitaimba kuliko spika.

Hesabu hii ni ya chumba kilichofungwa. Kama upande wa kiwanda, yaani ua wa ndani, uko wazi, nafasi zitasogea kidogo, hivyo tumia tepu kuanzia na sikio kumalizia: piga toni ya Hz 50, sogeza sabufa nusu mita huku na huku, mtu mmoja akiwa amekaa kochini.

Kabla hujatoa pesa, jaribu kitu cha bure. Ichukue uliyonayo uitoe pembeni uiweke kwenye hiyo robo ya ukuta wa TV. Mvumo utapungua siku hiyohiyo. Ukiridhika, pesa yako ibaki mfukoni.

Ukiamua kununua, tafuta ya aina ileile. Yenye tundu la hewa na iliyozibwa hazitoki pamoja kwenye besi ya chini, na mpango wote wa robo unategemea zitoke pamoja. Kebo ya matawi mawili kutoka tundu la sabufa la risiva inatosha. Nobu za sauti ziwe sawa kwa sawa. Ya nyuma iliyo karibu na kochi itakushawishi uipunguze, usifanye hivyo. Krosova, yaani kikomo cha juu cha sauti zinazokwenda kwenye sabufa, iache kwenye Hz 80, ukipanda hadi 120 utaanza kusikia inatokea upande gani. Swichi za fezi (zinazogeuza koni ianze kusukuma au kuvuta) ziwe zote 0 kwanza. Kisha geuza zote mbili pamoja hadi 180, uchague upande unaokupa besi nyingi pale inapokutana na spika za mbele. Ukisikia mvumo hata muziki ukiwa umezimwa, chomeka sabufa zote na risiva kwenye ekstensheni moja.

Kuhusu jirani, besi iliyosawazika husikika vizuri hata ukipunguza sauti, kwa hiyo huenda akapata nafuu. Kama una watu chini yako, weka vipande vya mpira wa tairi chini ya kila sabufa, kwa sababu boriti hupitisha mtikiso.

Na ukinunua ya mtumba kutoka Mombasa, bonyeza taratibu kwa kidole ule mzunguko wa pembeni wa koni. Ukiwa wa sponji, huenda unyevu umekwisha kuula, utameguka mkononi. Chukua wenye mpira.