Basi la zamani lililosimama: anza na tairi na breki

Ndugu, umesema basi ulilonunua tayari limegeuzwa nyumba, injini inawaka vizuri ila limesimama miaka, na unauliza uanze wapi. Injini iache kwanza.

Tazama tairi, na usidanganywe na meno yake. Ubavuni, mwisho wa namba inayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Usipoziona, ingia chini utazame ubavu wa ndani. Kampuni nyingi za tairi zinashauri zikifika miaka 10 zitolewe hata kama zinaonekana mpya. Anza na za mbele. Ikipasuka hapo, usukani unakuponyoka.

Kama breki ni za upepo, weka vizuizi kwenye magurudumu, jaza upepo, zima injini, kisha achia hendibreki na usikilize. Mshale wa geji ukishuka haraka, kuna panapovuja. Fungua pia vali za chini ya mitungi ya upepo. Maji kidogo ni kawaida. Oili nyingi ina maana kompresa, ile pampu inayojaza upepo, imechoka.

Kutu itafute chini ya bafu na kwenye raba za madirisha, maana mbao za sakafu huficha mengi. Gonga vyuma vya chini kwa bisibisi; bisibisi ikizama, hapo ni kuchomelea.

Na tafadhali, usiliwashe tu na kulizima. Liendeshe hadi lipate moto sawasawa, gia na difu (gia za kwenye ekseli zinazozungusha magurudumu) nazo zipate oili.