Michongoma ya kona na wajibu wa mwenye kiwanja

Pole, ndugu. Umeuliza kama jirani yako hapo Soweto, Moshi, analazimika kukata michongoma inayoziba kona. Ndiyo, analazimika. Ua ni wake, na ajali ikitokea kwa sababu ya uzembe wake anaweza kudaiwa fidia mahakamani. Iliyoota ndani ya hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya barabara, haina hata mjadala. Sheria ya Barabara ya 2007 inailinda hifadhi hiyo.

Mfuate kwanza kwa heshima, ukiwa na picha. Zipige ukiwa umekaa kwenye usukani, si umesimama, maana macho ya dereva wa gari dogo yako kama mita 1 tu kutoka chini. Kwa hiyo ua wa kona ushuke hadi sentimita 80, na ukatwe tena masika yakianza. Michongoma hurudi haraka sana. Kama ni masale ya mpaka, yapunguzwe tu, yasing'olewe, mtazua ugomvi mwingine.

Akigoma, mwone mwenyekiti wa mtaa, kisha peleka barua TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, nakala ibaki kwako. Kama ni barabara kuu, hiyo ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, barua iende huko. Usikate mwenyewe usiku, tafadhali. Gari la kilomita 50 kwa saa hula mita 14 kila sekunde, na bodaboda hawaoni kitu hapo.