Paa la kempa kukushinda kuinua: pima kwanza kabla hujanunua shokapu kali zaidi

Dada, umesema bega lako la kulia halijarudi sawa tangu ufanyiwe upasuaji. Paa la kempa yako (gari la kulala safarini) lina bawaba upande wa mbele na shokapu mbili za gesi, yaani mirija yenye gesi inayosaidia kusukuma paa juu, unaliinua kwa kusukuma ukingo wa nyuma ukiwa ndani, na sasa unataka kuzitoa hizo shokapu uweke zenye nguvu zaidi. Nakuomba usinunue bado. Nilipita njia hiyohiyo, mimi bega langu bovu ni la kushoto, na zile shokapu kali ndizo zilizonitia nyufa kwenye paa.

Nilichochelewa kukielewa ni kwamba uzito wa paa mkononi haulingani tangu mwanzo hadi mwisho. Shokapu husukuma kufuata urefu wake yenyewe. Paa likiwa limefungwa, shokapu imelala karibu sambamba nalo, kwa hiyo nguvu yake karibu yote inaelekea kwenye bawaba na kidogo sana ndiyo inayoinua. Paa likipanda, shokapu inasimama, na hapo ndipo msaada wake unapoanza kuonekana. Ndiyo maana shubiri mbili za kwanza zinakutoa jasho, halafu ghafla paa linakuwa jepesi kama limeshikwa na mtu mwingine.

Nilipima kwa mzani wa kawaida wa kujipimia uzito wa mwili. Uweke kitandani juu ya ubao mgumu, simamisha fimbo juu yake, kisha acha ukingo wa paa utulie juu ya ncha ya fimbo. Ondoa uzito wa fimbo. Kinachobaki ndicho mkono wako unachotakiwa kubeba. Tumia fimbo tatu za urefu tofauti upate vipimo vitatu: karibu na kufungwa, katikati na karibu na juu. Awepo mtu wa kukushikia paa wakati wa kupima, hasa mara ya kwanza.

Langu lina urefu wa mita 2.4 toka bawaba hadi ukingo. Bila shokapu lilinidai kilo 28 ukingoni. Nikiwa na shokapu mbili za nyutoni 600 kila moja (nguvu huandikwa kwenye mwili wa shokapu, na kila nyutoni 100 ni kama kubeba kilo 10), lilinidai kilo 25 likiwa limefungwa na kilo 3 tu karibu na juu. Sikuwa nimepima bado siku niliponunua za nyutoni 900, nilijua tu kwamba linanishinda. Chini nilipata nafuu ya kilo moja na nusu, ambayo bega halikuihisi kabisa. Juu sasa likawa linasukuma kwenda mbinguni, na kulifunga ilinibidi nining'inie kwa nguvu ya kilo 8, tena kwa kuvuta, jambo ambalo bega bovu linalichukia kuliko kusukuma. Baada ya miezi michache fibaglasi ikaanza kupasuka nyufa nyembamba kama nywele pale skrubu za vishikizo, vile vyuma vinavyoshika ncha za shokapu, zilipoingia. Nilirudisha za nyutoni 600 na kuweka bamba la alumini nyuma ya kila kishikizo ili mkazo usambae.

Kilichonisaidia hasa ni kuhamisha vitu. Nilikuwa na paneli ya sola ya kilo 12, nimeifunga mita 2 kutoka kwenye bawaba kwa sababu waya wake ulifika vizuri pale. Mahali hapo ilikuwa inauongezea mkono wangu kilo 10. Nikaisogeza mbele hadi sentimita 40 kutoka kwenye bawaba, ikabaki kilo 2. Paneli ni ileile, paa ni lilelile, kilo 8 zimeondoka bila kununua chochote isipokuwa waya mrefu zaidi na gundi ya kuzuia maji. Kwa hiyo tazama juu ya paa lako: keria, ubao wa kuteleza kwenye mawimbi, hema la kivuli, chochote kilicho karibu na ukingo wa nyuma ndicho kinachokuumiza. Turubai la kuta linalopanda pamoja na paa likilowa, na maji yaliyotuama juu, navyo vina uzito. Fagia maji kabla ya kuinua.

Jambo la pili lilikuwa pembe ya shokapu. Kishikizo cha chini nilikishusha sentimita 6. Shokapu yangu ikiwa imejikunja ina nusu mita, na kushuka huko kuliifanya ianze kwenye nyuzi 12 hivi badala ya 5. Msaada wake pale mwanzo ukapanda kutoka kilo 3 hadi 7. Hapa uwe makini: hakikisha shokapu haifiki mwisho wa urefu wake kabla paa halijafika juu, na kwamba ukutani pana kitu kigumu cha kushika bolti. Kama ukuta ni bati tupu, acha. Na usiguse kishikizo chochote kabla paa halijaegemezwa kwenye miti miwili imara. Shokapu ya gesi ina shinikizo kubwa ndani. Isitobolewe wala isichomwe moto, hata ikiwa imechoka.

Hesabu yangu ikaja kilo 13 mwanzoni (25 toa 8 za paneli, toa 4 za pembe), na mkono mmoja mzima unaziweza. Ila kuna asubuhi za baridi gesi inakuwa na nguvu pungufu, na bega nalo linakuwa limekaza. Kwa siku hizo nina jeki ya mkasi ya gari, naiweka juu ya meza ya ndani iliyofungwa sakafuni, juu yake kipande cha mbao chenye zulia, na kuzungusha polepole hadi paa lipande sentimita 25 hivi. Kutoka hapo shokapu zinamalizia. Inachukua dakika tano na haihitaji nguvu. Nilivutiwa pia na mota za volti 12 zinazosukuma paa kwa skrubu ndefu, zinainua vizuri na haziteremki umeme ukikatika, lakini zikiharibika paa likiwa juu ni lazima uweze kuzifungua kwa mkono, na kwa mtu mwenye bega bovu hilo si dogo.

Kabla ya yote hayo lakini, fungua mlango au dirisha. Turubai likiwa zima na milango imefungwa, ndani panakuwa kama bomba la sindano: unainua paa na hewa haina pa kuingilia. Wengi tunapambana na hewa tukidhani ni uzito.

Kwa yule aliyeuliza chini yako kuhusu trela ambalo paa lake hupanda kwenye nguzo nne kwa winchi (mashine ya kuzungusha inayovuta waya), tatizo lake ni tofauti. Pale nguzo na kapi zikikauka ndizo zinazokula nguvu. Kona moja ikichelewa kuliko nyingine, kapi lake limekwama au waya umeanza kuchakaa, usiendelee kuzungusha. Pulizia silikoni kavu, si grisi, maana grisi inakamata mchanga. Drili yenye soketi inasaidia kama winchi yako inaruhusu, kwa mwendo wa chini, na mizunguko ya mwisho umalizie kwa mkono, kwani drili haihisi waya ukifika mwisho.

Kuhusu kufunga, dada, kwa sababu paa langu sasa ni jepesi, juu linajisukuma kidogo. Nimefunga mkanda mpana wa mizigo katikati ya ukingo, wenye kitanzi kikubwa. Naingiza kiwiko cha mkono mzima kwenye kitanzi na kukaa chini taratibu, mwili ndio unaovuta, bega halihusiki. Ukifika chini shika ukingo mpaka lachi (komeo) zote mbili zilie.

Niwekee hapa vipimo vyako vitatu, na umbali wa kila kitu kilichoko juu ya paa kutoka kwenye bawaba. Nitakupigia hesabu kabla hujatoboa tundu hata moja.